Nimeingia ukumbi mpya wa michezo wa chuo hapa Tanga kabla haujafunguliwa, na mi nilikuwa naangalia chini tu

Jamani nianze na sakafu. Najua mtu akisikia nimetembezwa ukumbi mpya wa michezo wa chuo atataka kujua viti, taa, bodi za vioo, na vyote hivyo vipo, ila mi nimecheza netiboli tangu shule ya msingi, nimecheza kwenye vumbi, kwenye lami, kwenye zege lililopasuka, na sasa nafundisha wasichana wa mtaani kwetu huku Ngamiani, kwahiyo nilipofika katikati ya uwanja nikavua viatu nikaruka. Nilivyotua mguu haukugonga. Ulizama kidogo sana halafu ukarudishwa juu. Nikaruka tena, na wenzangu niliokuwa nao wakaanza kuruka na wao, mpaka mzee msimamizi wa ujenzi akatuambia kila anayeingia humo anafanya hivyo hivyo.

Nikamwomba anieleze kilichopo chini. "Hii unayoikanyaga mwanangu ni ya juu tu, kazi yenyewe imelala huko chini." Kwanza jamvi la zege, na hilo lilibidi lisubiriwe mpaka likauke kabisa maana ukiwahi kuweka mbao juu ya zege bichi ule unyevu unapanda na mbao zinavimba zinanyanyuka. Juu ya zege nailoni nzito ya kuzuia unyevu, halafu vipande vya raba, halafu fito, ndo zinakuja hizi mbao ngumu unazoziona. Pembeni kote ukutani wameacha nafasi iliyofichwa na skatingi, kwa sababu mbao inatanuka na kusinyaa kadiri hewa inavyobadilika, na hewa yetu hapa Tanga mnaijua, bahari iko pale pale, masika ikiingia hata nguo ndani ya kabati zinanuka unyevu. Bila ile nafasi mbao zingesukumana mpaka zitoe nundu katikati ya uwanja.

Sasa kwa nini nang'ang'ania sakafu. Netiboli hairuhusu kukimbia na mpira. Unadaka ukiwa hewani, unatua, na ule mguu uliotua kwanza ukishauinua huruhusiwi kuurudisha chini kabla hujauachia mpira, na unazo sekunde 3 tu za kuuachia. Maana yake mchezaji anatoka mbio anafunga breki ghafla, tena na tena, mechi nzima, na breki zote hizo zinaingia gotini. Imeshafanyiwa utafiti sana kwamba kwenye michezo ya kuruka na kutua wasichana wanachanika ile kano ya katikati ya goti mara nyingi kuliko wavulana. Hata sakafu nzuri haiondoi hilo, lazima umfundishe mtoto kutua na magoti yaliyokunjwa, lakini zege halimsaidii chochote. Kuna kiwango cha Ulaya cha sakafu za ndani, EN 14904, kinachotaka sakafu inyonye angalau asilimia 25 ya kishindo cha mguu. Zege linanyonya sifuri. Nimeona mabinti wenye vipaji wanaacha kucheza wakiwa kidato cha tatu kwa sababu ya goti, na watu wanasema kachoka na michezo, kumbe goti.

Kilichofuata nikauliza mistari ya netiboli iko wapi, na hapa nilikuwa na wasiwasi kweli. Kumbi nyingi zinachorwa na watu wanaofikiria basketi peke yake. Uwanja wa basketi ni mita 28 kwa 15, wa netiboli ni mita 30.5 kwa 15.25, halafu netiboli inataka nafasi ya mita 3.05 pembeni kila upande ili mtu akitoka na kasi asiingie ukutani. Piga hesabu, unahitaji kama mita 36.6 urefu na 21.35 upana. Ukumbi uliojengwa kwa ajili ya basketi tu ukishaweka zile mita 2 za usalama unaishia mita 32 kwa 19, na hapo netiboli imeshatupwa nje kwenye jua kabla jengo halijaisha, na hakuna aliyekusudia kuwafukuza wasichana, hawakuulizwa tu.

Huu haukufanywa hivyo. Mzee akasema wamejenga kwa kipimo cha handiboli, mita 40 kwa 20 na nafasi za pembeni juu yake, kwahiyo netiboli inaingia vizuri kabisa. Mistari ilikuwa imeshachorwa kwa rangi tofauti, na sakafuni kuna vishimo vyenye vifuniko vya kuchomekea nguzo za pete. Nilichuchumaa nikaushika ule mstari wa duara la kufungia kwa mkono. Nilifurahi mno, siwezi kuficha.

Mengine nayapitia haraka. Viti ni ngazi pande mbili. Bati la juu limewekewa kitu cha kuzuia kelele ili mvua isimeze filimbi. Boliti za kenchi zimepakwa zinki, na chumvi ya bahari hii lazima iwe hivyo. Vyumba vya wasichana vya kubadilishia nguo vina milango inayofungwa kwa ndani na ndoo zenye vifuniko kwa ajili ya pedi, aliyelifikiria hilo Mungu ambariki. Nilimkumbuka Hasheem Thabeet wetu wa basketi, kabla hajachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA, ile ligi kubwa ya basketi ya Marekani inapochagua wachezaji wapya, mwaka 2009 alikuwa anacheza chuo, UConn (Chuo Kikuu cha Connecticut) kule Marekani, na ukumbi wao wa Gampel Pavilion unaingiza watu zaidi ya 10,000, chuo tu hicho. Wetu ni mdogo sana kwa huo ila mbao ni mbao.

Ninachoogopa ni harusi. Nasema wazi. Kuna ukumbi sitautaja ulijengwa kwa ajili ya michezo na leo ukipiga simu unaulizwa sherehe ni ya watu wangapi. Naelewa chuo kina bili, luku haijilipi, na wikiendi moja ya harusi inaingiza hela ambayo timu ya netiboli haitoingiza mwaka mzima. Lakini sakafu hii haijatengenezwa kwa viti vya kuburuzwa, wala kwa visigino vya kuchongoka ambavyo uzito wote wa mtu unakaa kwenye nukta moja, wala kwa pilau na soda. Na baada ya sherehe watakuja kudeki kwa ndoo za maji na sabuni kama tunavyodeki nyumbani, na hapo ndo mbao zinakufa, maji yanaingia kwenye maungio hayatoki. Hii inafutwa kwa mopu kavu, au kitambaa kilichokamuliwa sana. Kama mahafali hayana budi kufanyika humo basi yatandikwe mazulia mazito na miguu ya viti ivalishwe raba. Nilimwambia mwalimu wa michezo wa chuo na akaandika kwenye daftari lake.

Nikamuuliza pia wasichana wa nje ya chuo watapata jioni ngapi. Ratiba bado haijapangwa, akanishauri niandike barua mapema kabla muda haujajaa, na barua nimeshaandika, tunaomba jioni mbili kwa wiki. Wazazi wa Ngamiani, Chumbageni na Makorora wenye mabinti wanaocheza naombeni mje msaini, niko uwanjani kwetu kila jioni baada ya alasiri. Halafu viatu: mle ndani haviingii vyenye soli nyeusi inayoacha alama, na wengi wa watoto wangu wanacheza peku, kwahiyo mwenye raba za michezo zisizotumika saizi 37 mpaka 40, hata zikiwa zimechakaa juu ila soli nzima, anipitishie.