Fundi hakupandisha bei

Mwaka juzi nilikuwa mhazini wa kwaya kanisani kwetu, Walutheri, na nilikula hela ya sare. Naandika hivohivo maana kwa miezi kama minane nilikuwa naiita "kuazima", na neno hilo lilinisaidia sana kulala usiku.

Ilikuwa hivi. Kodi ya nyumba imefika, mwenye nyumba hana utani, na mi nina hela ya sare kwenye simu, laki moja na themanini ikatoka, nikajiambia mwisho wa mwezi narudisha. Mwisho wa mwezi ukaja na mambo yake. Fundi akawa anadai hela yake, afu wanakwaya nao wanauliza nguo ziko wapi, basi siku ya mazoezi nikasimama nikasema jamani fundi kapandisha bei, kila mtu aongeze elfu sita. Tuko thelathini. Hesabu ikakaa sawasawa, mpaka nikajishangaa nilivyo na akili.

Watu walinuna ila wakatoa. Na Jumapili tukavaa sare mpya, tukasimama na usharika wote kwenye ungamo, lile la kwenye liturujia, nimekosa kwa mawazo na maneno na matendo, mi naisoma kwa sauti kabisa. Haikunichoma hata kidogo. Ile sala sio mbaya jamani, naipenda, ila inabeba watu mia tatu kwa mara moja na mtu kama mimi anajificha humo ndani vizuri tu.

Bibi yangu mzaa mama, wa Bukoba, alikuwa Mlokole. Wasiojua, huu ni ule uamsho wanaouhesabu kuanzia 1929, Simeoni Nsibambi alipokutana na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe, Kampala. Church alikuwa anafanya kazi hospitali ya Gahini, Rwanda, na miaka ya 1930 moto ukasambaa Uganda, Kenya mpaka Tanganyika, kwetu Bukoba ukaingia hadi kwa Walutheri. Hao wazee walikuwa na kitu wanakiita kutembea nuruni, wamekitoa kwenye 1 Yohana 1:7. Mtu anasimama kwenye ushirika anataja alichofanya, wenzake wanamwimbia Tukutendereza Yesu, na kama aliiba anarudisha. Bibi alimrudishia shemeji yake debe la kahawa miaka mingi baada ya kulichukua, na shemeji mwenyewe alikuwa ameshasahau! Sisi wajukuu tulikuwa tunacheka, tunaona ni ushamba.

Sitaki kuwapamba kupita kiasi lakini. Bibi mwenyewe alisema kuna watu walikuwa wanaungama dhambi za wenzao. Unaijua hiyo, "wapendwa naomba mniombee nimsamehe dada fulani kwa alivyonitendea", hapo dada fulani keshavuliwa nguo mbele za watu. Bado ipo mpaka leo kwenye maombi ya jumuiya, na magrupu ya wasap ndo kabisa.

Kilichonifungua mi sio mahubiri. Nilikuwa nasoma tu Hesabu sura ya 5, kitabu ambacho kwakweli huwa naruka, nikakuta mstari wa 7, aliyekosa aungame, arudishe hesabu kamili na aongeze sehemu ya tano. Sehemu ya tano! Yani kuna kikokotoo. Nikachukua simu nikapiga, 180,000 ongeza 36,000, jumla 216,000. Nikakaa kitandani naangalia ile namba. Nimewahi kulia madhabahuni mara ngapi sijui, na hakuna siku nilitoka na namba.

Ilinichukua miezi minne kuipata. Nikaenda kwa mwenyekiti wa kwaya nyumbani kwake, sikupiga simu maana najijua, ningezungukazunguka. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema asante mama kwa kusema, hela tutaingiza kwenye mfuko, yaishe hapahapa kwa amani ya kwaya. Na mi nilitaka sana yaishe hapahapa! Nilishafika mlangoni ndo nikakumbuka fundi.

Maana uongo wangu ulihitaji mtu wa kuubeba, nikamtwisha yeye. Nikamfuata kibandani kwake, shikamoo, marahaba, nikamweleza nimesimama. Mguu wake ukaacha kukanyaga cherehani. Akasema, "Nyie watu wa kwaya mlikuwa mnaniletea nguo za watoto, za sikukuu, afu mkaacha wote. Nikadhani ni macho. Nikajua sasa nimezeeka, nashona vibaya."

Hapo sikuwa na la kusema. Laki mbili na kumi na sita haikuwa na mstari wa macho ya yule mzee.

Nikarudi kwa mwenyekiti nikamwambia nilimchafua fundi mbele ya watu thelathini, naomba nimsafishe mbele ya haohao. Hakupenda, ila Jumamosi nilisimama. Sikulia, nilijikaza nisilie, maana ukilia watu wanaanza kukubembeleza na fundi anasahaulika. Nikataja kiasi, nikasema fundi hakupandisha bei, kila mtu akarudishiwa elfu saba na mia mbili yake. Wengine walinikumbatia. Kuna mama mmoja wa soprano mpaka leo akiniona anahamisha pochi bega la pili, nami simlaumu.

Uhazini nilivuliwa siku ileile. Sare za Pasaka zilipelekwa kwa fundi yuleyule, na juzi na mi nimempelekea gauni langu kubana kiuno, akanitajia elfu kumi na tano, nikafungua mdomo kumwambia mbona kapandisha bei. Nikaufunga. Nikalipa.