Kusoma Vitabu Ukiwa Umefungiwa Ndani: Utaratibu Ninaoufuata

Mtu akilazimika kukaa ndani, iwe kwa karantini au mguu uliofungwa plasta, hudhani muda wa kusoma umepatikana wa bwerere. Muda upo kweli, ila akili haitulii. Siku zinafanana, simu iko mkononi, habari haziishi kuingia. Hapo ndipo ninapoiona thamani kubwa ya kitabu: ni jambo moja refu ambalo leo linaendelea pale lilipoishia jana, na siku inapata umbo.

Sijipangii kurasa, najipangia saa. Nusu saa asubuhi kabla ya kugusa simu, nusu saa nyingine jioni. Nikisoma bila papara, nusu saa ni kama kurasa 15 hadi 20, kwa hiyo kitabu cha kurasa 250 nikikisoma asubuhi na jioni huisha kwa wiki moja au zaidi kidogo. Simu huiacha chumba kingine. Kuzima sauti hakutoshi, maana mkono huifuata wenyewe, na kila ukirudi kitabuni unaanza aya upya.

Nasomea kwenye kiti, si kitandani. Kitandani shingo hujikunja, mikono huchoka na usingizi huja upesi. Taa au dirisha liwe nyuma ya bega, kitabu kiwe umbali wa sentimita 40 hivi kutoka machoni. Kila baada ya dakika 20 natazama kitu kilicho mbali, mita 6 au zaidi, kwa sekunde 20. Chumba kikiwa kidogo, natazama nje. Wanaosomea kwenye skrini wasilipuuze hili, kwa sababu mbele ya skrini mtu hupepesa macho mara chache na macho hukauka.

Wengi hukwama kwa kuanza na lile buku nene waliloliahirisha miaka. Ukiwa na wasiwasi, umakini ni mfupi. Anza na hadithi fupi zinazoisha kwa kikao kimoja, kisha panda. Mimi huwa na vitabu viwili: kigumu cha asubuhi, cha hadithi jioni. Kitabu kisiponishika hadi ukurasa wa 50, nakiweka kando bila kujilaumu.

Kile kigumu nakisoma na penseli. Mstari wima pembeni ni hoja kuu, alama ya kuuliza ni pale nisipoelewa, na neno geni nalizungushia duara. Kamusi siifungui hadi sura iishe, kwani kila safari ya kwenye kamusi hukata uzi wa maelezo, na mara nyingi aya inayofuata hulifafanua neno lenyewe. Sura ikiisha nafunika kitabu na kuandika daftarini sentensi tatu za kilichosemwa. Zikigoma kuja, narudia sehemu iliyonipotea tu. Bila zoezi hili, siku chache baadaye hubaki jina la kitabu na rangi ya jalada.

Vitabu vya karatasi vikiisha, Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni iliyoanza mwaka 1971, hutoa bure vitabu ambavyo hakimiliki zake zimekwisha nchini Marekani. Vingi ni vya Kiingereza. Pakua faili la EPUB badala ya PDF: kwenye EPUB maneno hujipanga kulingana na upana wa skrini na unaweza kuyakuza, ilhali PDF kwenye simu ndogo hukulazimisha kusukuma ukurasa kushoto na kulia kila mstari, na hakuna atakayevumilia sura nzima namna hiyo. Ukishapakua, weka simu katika hali ya ndege.

Kama mmefungiwa wengi, someni kwa sauti kwa zamu. Kusoma kwa sauti huenda polepole, hivyo kurasa 8 hadi 10 huchukua kama dakika 20, na kwa watoto wadogo hizo zinatosha. Msomaji asimame kabla ya tukio kubwa kutatuliwa, si baada yake. Kesho watoto wenyewe ndio watakaoulizia kitabu.