Mjomba alidhani naumwa

Juzi kwenye msiba mjomba kaniuliza siku hizi huko maabara nafanya nini, nikamjibu tunapima CD4. Akanivuta pembeni, sauti chini kabisa, "Pole mjomba, ila dawa unakunywa?"

Simlaumu. Huku kwetu CD4 ni neno la CTC, kliniki ya wenye virusi vya UKIMWI, mtu anatajiwa namba yake, ikiwa chini ya 200 nyumba nzima inakosa usingizi. Namba ile inahesabu seli saidizi zote, yaani seli nyeupe za kinga zenye alama ya CD4, zilizomo kwenye maikrolita moja ya damu, basi, haiulizi hata moja inajua nini.

Nikamwelezea kwa mfano wa group la harusi, maana yeye ni mwenyekiti wa kamati za ukoo. Group lina watu 240, ukiangalia unasema hii harusi ishapita, halafu tangaza mchango uone, wanaojibu tisa. Seli saidizi ndo hivyohivyo, kila moja ina kipokezi chake kinachotambua kipande chake kidogo cha protini, kwa hiyo kirusi kipya kikiingia zinazokijua ni chache mno, ila hizo chache zikishakitambua zinazaliana kwa fujo, nyingine zinamwaga interferoni gamma, kemikali ya kuamsha kinga, nyingine zinaenda kuzisaidia seli B zitengeneze kingamwili nzuri. Mimi natafuta wale tisa. Tena kituko ni kwamba siku za mwanzo za maambukizi hesabu ya jumla kwenye damu inaweza kushuka, kwa sababu seli zimekimbilia kwenye tezi za limfu kazini! Ukiangalia namba tu utadhani mwili umelala.

Sasa shida ya mgonjwa wa kweli ni kwamba hajui aliambukizwa lini, anakuja siku ya nne au ya tisa, nani ajuaye, na kwenye kazi hii siku mbili tatu zinabadilisha picha nzima. Ndo maana wengi tunakimbilia chanjo ya homa ya manjano, ile ya kadi ya njano ya safari. Ni kirusi hai kilichodhoofishwa, 17D, kazi ya Max Theiler na wenzake ya 1937 iliyompa Nobel 1951, unachomwa nusu mililita, kinazaliana mwilini siku chache kisha kinaondolewa, yaani ni maambukizi kabisa ila saa ya kuanza umeiandika mwenyewe. Seli saidizi zinapanda mapema, CD8, zile za kuua seli zilizoambukizwa, zinafuata nyuma, na ndani ya wiki ya pili kuna mengi ya kuona.

Kupima kwenyewe: unatenga seli nyeupe, unazipa peptidi, yaani vipandevipande vya protini za kirusi, masaa kama 6 hivi, na unaweka dawa ya brefeldini ili saitokini, yaani kemikali za ujumbe kama interferoni, zisitoke nje ya seli, halafu unatoboa utando, unaingiza kingamwili zenye rangi na mashine inazisoma seli moja moja zikipita mbele ya leza. Kuna siku nilisahau brefeldini. Dah, siku nzima imeenda na maji. Ila hata ukifanya vizuri, ukitegemea interferoni peke yake unawakosa wale wa kusaidia seli B maana wao hawamwagi sana, kwa hiyo siku hizi tunatazama pia alama zinazoota juu ya seli iliyoamka, CD154, OX40 na wenzake. Tetrama, yaani chambo kilichobeba kipande cha kirusi, ni tamu zaidi, inaishika seli husika bila hata kuiamsha, ila inategemea HLA ya mtu, zile protini za kurithi zinazoonyesha vipande hivyo kwa seli za kinga, na iliyotengenezwa kwa ajili yangu inaweza isimfae jirani yangu kabisa.

Na usithubutu kuruka sampuli ya kabla ya chanjo. Kuna utafiti ulitoka 2014 ukilinganisha watu wa Entebbe, Uganda, na wa Lausanne, Uswisi, chanjo ileile, wa Entebbe walijibu chini zaidi, na seli zao nyingi zilikuwa zimeshaamka hata kabla ya sindano. Bila siku ya sifuri ungeziona hizo seli ukapiga makofi ukidhani ni kazi ya chanjo.

Kinachoniumiza kichwa zaidi wala sio sayansi, ni barafu. Damu ya kazi hii inatakiwa isafiri kwenye joto la kawaida la chumba na ishughulikiwe mapema, ndani ya masaa 8 ukiweza, seli zikipigwa baridi zinakuwa kama zimenuna, unazipa peptidi zinakutazama tu. Mwezi uliopita dereva wetu, kwa roho safi kabisa, kajaza barafu kwenye boksi. "Si damu hii kaka, itaharibika." Mirija 12 ya siku ya 14 baada ya chanjo, na siku ya 14 ya mtu hairudi.

Kesho kuna wengine wanafika siku ya 14. Boksi nimeshalibeba mimi, nimelala nalo chumbani.