Kusahau kwa Mzee Kusiitwe Uzee Tu

Huku kwetu Moshi, mzee anaporudia swali lilelile kabla chai haijapoa, wengi huamua kwamba ni uzee tu, na wengine hunong'ona kwamba amechezewa na watu. Ninamuuguza mama yangu mkubwa huko Machame, nami nasema bila kusita kwamba kauli zote mbili huwanyima wazee wetu matibabu.

Kusahau huko huweza kuwa dalili ya dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri. Aina yake inayoongoza ndiyo iliyoelezwa na daktari Alois Alzheimer mwaka 1906. Nyingine hutokana na kuharibika kwa mishipa ya damu ya ubongo, hasa kwa mtu aliyeishi miaka mingi na shinikizo la damu lisilodhibitiwa. Hata hivyo, upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, kaswende iliyofika kwenye ubongo na sonona huweza kuleta hali inayofanana nayo, na yote hayo yanatibika. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla, kwa saa au siku chache, apelekwe hospitali mara moja, kwani huenda ana maambukizi au ameishiwa maji mwilini.

Kipo kipimo kilichoandaliwa katika wilaya jirani ya Hai kwa ajili ya wazee ambao hawakusoma, na hakihitaji kalamu. Mzee hutaja wanyama wengi awezavyo kwa dakika moja, kisha hupanga vijiti vinne vya kiberiti kwa kufuata mfano. Mama mkubwa alitaja ng'ombe, mbuzi na kondoo, akarudi kwa ng'ombe. Vijiti akavifunga kwenye pindo la kanga yake.

Dawa kama donepezili hupunguza dalili kwa baadhi ya wagonjwa, lakini haiponyi. Kwa maoni yangu, tunaidharau mno tiba ya kuchangamsha akili, ambayo nayo ilijaribiwa Hai: kikundi kidogo cha wazee hukutana mara mbili kwa wiki, kwa wiki saba, wakiongozwa katika mazungumzo, nyimbo na kumbukumbu za zamani. Haihitaji mashine yoyote.

Ndugu wanaorudi nyumbani Desemba nawaomba waache kumjaribu mgonjwa kwa kumwuliza, "Unanijua mimi?" Swali hilo humwaibisha bure. Mgeni ataje jina lake kwanza, aketi karibu naye, kisha ampokee zamu yule anayemlea mwaka mzima, ambaye kwa kawaida hakuna anayemwuliza kama amelala.