Nilivyotoa pesa zangu waanzilishi wa kampuni ya malipo waliposhtakiwa

Habari nilizipata kwa mfasiri mwenzangu: "Dada, waanzilishi wamekamatwa. Umeshatoa hela zako?" Nilikuwa bado. Kwenye pochi ile ya mtandaoni kulikuwa na malipo ya kazi za miezi kadhaa, na kampuni yenyewe sitaitaja kwa sababu kesi bado inaendelea.

Kabla ya kugusa salio, nilipakua taarifa ya akaunti kuanzia muamala wa kwanza kabisa. Nikapiga picha ya skrini inayoonyesha salio, tarehe na saa, nikanakili namba za miamala ambayo haijakamilika, halafu vyote nikavihifadhi nje ya simu. Sikutaka yanikute ya wateja wa Liberty Reserve, kampuni ya sarafu ya mtandaoni. Mei 2013 mwanzilishi wake, Arthur Budovsky, alipokamatwa Uhispania, tovuti ilichukuliwa na serikali ya Marekani, na aliyejaribu kuingia kwenye akaunti yake akakuta tangazo la serikali tu.

Ndipo nikaanza kutoa. Nilituma kwanza kiasi kidogo kwenye akaunti yangu ya benki, ileile ambayo kampuni ilikuwa imeshaihakiki zamani. Sikuongeza benki mpya, sikubadilisha namba ya simu wala barua pepe, maana mabadiliko ya ghafla ndiyo yanayofanya akaunti isimamishwe ikaguliwe, na wakati kama huo ukaguzi hauishi upesi. Kiasi kile kilipofika, nikaendelea kutoa kwa mafungu yaliyo ndani ya kiwango changu cha kawaida.

Wateja wangu niliwaandikia siku hiyohiyo wasitume tena kupitia kule. Mmoja alikuwa ameshatuma na malipo yakaonyesha "yanasubiri". Nikamwomba ayafute upande wake kabla hayajaingia, akafanikiwa, akanilipa moja kwa moja benki.

Jioni nikakaa na hati ya mashtaka. Wengi tulikuwa tunaulizana kama waanzilishi wana hatia, lakini hilo ni la mahakama. Mimi nilitafuta nani hasa ameshtakiwa, watu au kampuni yenyewe, na kama kuna amri ya kuzuia fedha. Kilichonisukuma ni kisa cha NETeller, kampuni ya malipo ya mtandaoni. Januari 2007 waanzilishi wake wawili, Stephen Lawrence na John Lefebvre, walikamatwa Marekani kwa mashtaka ya utakatishaji wa fedha za kamari ya mtandaoni. Hawakuwa tena kwenye bodi ya kampuni. Hata hivyo, wiki hiyohiyo kampuni ikajitoa kwenye soko la Marekani, na wateja wa huko wakabaki wanaziona pesa zao bila uwezo wa kuzitoa. Takriban dola milioni 94 zilianza kurudishwa kwao mwishoni mwa Julai, baada ya kampuni kukubaliana na waendesha mashtaka na kuridhia kutaifishwa dola milioni 136. Zaidi ya nusu mwaka mtu anasubiri pesa ambazo ni zake! Naumia kila nikilifikiria, kwa sababu mwenye kodi ya nyumba na ada za watoto hawezi kumwambia mwenye nyumba asubiri mahakama.

Kwenye hati ya mashtaka niliyokuwa naisoma walitajwa watu, si kampuni. Hilo lilinipa nafasi, lakini halikunituliza. Nikaiandikia kampuni kuuliza kama fedha za wateja zimetengwa na fedha za kampuni, na ziko benki gani. Jibu lilianza na "Ndugu mteja" na halikujibu chochote. Basi nikaingia kwenye daftari la mdhibiti wa kampuni za malipo nikasoma leseni yao, nikaona sharti la kutenga fedha za wateja lipo. Sharti hilo si sawa na bima ya amana ya benki, ila lina uzito. Juni 2020 kampuni ya malipo ya Wirecard ya Ujerumani iliporomoka, mdhibiti wa Uingereza aliisimamisha kampuni yake tanzu ya kadi, na watu wakashindwa kutumia kadi zao. Vikwazo viliondolewa siku chache baadaye na wakazifikia tena pesa zao.

Katikati ya hayo nilipata barua pepe ya mtu aliyejiita wakili wa wateja. Alijua jina la kampuni, akaomba ada ya kufungua jalada pamoja na nywila yangu ili "athibitishe salio". Niliifuta na kuwatahadharisha wenzangu. Watu hawa wananitia uchungu kuliko waanzilishi wenyewe, maana wanamwendea mtu aliyekwisha kuogopa.

Fungu la mwisho lilizuiwa. Waliomba kitambulisho na uthibitisho wa chanzo cha fedha, nami nikapeleka ankara na mikataba ya kazi, kila ankara nikiioanisha na namba ya muamala kwenye ile taarifa niliyoipakua. Likaachiwa, likafika benki.

Mwenzangu aliyenipa habari bado hajapata zake. Akaunti yake aliifungua kwa jina la biashara lisilolingana na kitambulisho, na kila akipeleka nyaraka anaombwa nyingine. Tumeandika pamoja malalamiko kwa mdhibiti, tukaambatanisha cheti cha usajili wa biashara na taarifa yake yote ya akaunti. Wamethibitisha kuyapokea.