Kufufua BSA M20 kwa bajeti finyu: pesa ziende wapi

Kwa anayetaka pikipiki ya jeshi ya zama za Vita Kuu ya Pili na hana pesa nyingi, BSA M20 ndiyo ya kuanza nayo. Ilitengenezwa Birmingham, Uingereza, na zaidi ya 126,000 zilikwenda jeshini. Kwa wingi huo spea zake bado zinapatikana, mpya na za mtumba. Injini ni ya silinda moja, sisi 496, valvu zimekaa ubavuni mwa silinda, na nguvu zake ni farasi 13 tu. Nguvu ndogo ni faida hapa: injini haijiumizi, na kifaa kilichochakaa kiasi bado hufanya kazi yake.

Pesa nyingi hupotea siku ya kununua. M20 iliyoliwa na kutu, injini imekwama, lakini haijapungukiwa kitu, ni bora kuliko iliyopakwa rangi ikapendeza na haina magneto, kifaa kinachozalisha umeme wa plagi. Injini iliyokwama hukwamuliwa kwa mafuta na subira, ila magneto ya kutafuta yaweza kula bajeti yote ya injini. Kwa hiyo kagua magneto na dainamo yake, giaboksi, foku ya mbele na springi yake, tenki mbili (ya petroli na ya oili), na habu ya nyuma na drami yake. Namba za injini na fremu kwa kawaida huanza na WM20. Zisipolingana usishtuke, kwani karakana za jeshi zilihamisha injini kutoka fremu moja kwenda nyingine.

Kukwamua injini, fungua kichwa cha silinda, mimina juu ya pistoni mchanganyiko wa nusu oili ya giaboksi otomatiki na nusu asetoni, kisha funika na uweke mbali na moto. Acha siku kadhaa, ukiongeza kila inapopungua. Ingiza gia ya juu kabisa, usukume gurudumu la nyuma mbele na nyuma, taratibu. Usiilazimishe kwa kiki, maana meno ya kiki huvunjika kabla kutu haijaachia. Ikibidi kugonga pistoni, tumia kipande cha mti mgumu.

Ikiachia, pitisha ukucha juu ya silinda pale ringi zinapoishia. Ukinasa kwenye ukingo, pima. Kipenyo cha asili ni milimita 82. Ikiwa silinda imelika zaidi ya milimita 0.2, ringi mpya peke yake hazitasaidia, itavuta oili tu. Nunua pistoni kwanza, ndipo silinda ichongwe kuifuata pistoni yenyewe uliyoshika mkononi. Ringi moja moja iingizwe silindani na mwanya wa ncha zake upimwe kwa fila geji: milimita 0.30 hadi 0.35. Mwanya ukiwa mdogo, ringi zikipata moto ncha hugusana na kukwaruza silinda.

Kisha shika koni rodi krenki ikiwa juu kabisa, uivute juu na kuisukuma chini. Ikicheza kushoto na kulia ni kawaida. Ikicheza juu na chini, hata kidogo, beringi kubwa imekwisha. Hapo usibane pesa. Kazi hiyo inataka presi na mtu anayejua kunyoosha flaiwili, na ukiifanya nyumbani kwa nyundo utaifanya mara mbili.

Magneto ndiyo inayowatesa wengi, na wengi huilaumu kabureta. Dalili yake haibadiliki: pikipiki inawaka vizuri asubuhi, inatembea muda mfupi, inazima, na haiwaki tena mpaka ipoe. Mara nyingi hiyo ni kondensa (kifaa kidogo cha kuhifadhi umeme) ya zamani iliyomo ndani ya rota. Kabla ya kulipia kusukwa upya, jaribu mambo ya bei ndogo. Toa kishikio cha waya wa plagi, utaona pete ya kupokea umeme. Izungushe huku ukiifuta kwa kitambaa chenye petroli kidogo mpaka kitambaa kitoke safi. Vumbi jeusi la kaboni likijaa pale, umeme huvuja. Sugua pointi kwa msasa laini sana, uweke mwanya wa milimita 0.30. Tatizo la joto likibaki, zipo kondensa ndogo za kisasa zinazofungwa upande wa pointi bila kugusa koili. Koili ikiwa nzima, unaepuka gharama ya kusuka.

Taiming, yaani wakati plagi inapotoa cheche, ni rahisi kupima kabla kichwa cha silinda hakijarudi, kwa sababu pistoni unaiona. Pistoni iwe milimita 11 kabla ya kufika juu, kwenye mpando wa kubana, wenzo wa kuwahisha moto ukiwa umewahishwa kabisa. Bana karatasi ya sigara katikati ya pointi: pale inapoachia tu, ndipo penyewe. Gia ya magneto hukaa kwenye shafti ya koni bila chaveta, hivyo huteleza unapokaza nati. Kaza, kisha pima tena. Mianya ya valvu, injini ikiwa baridi, ni 0.25 ya kuingiza na 0.30 ya ekzosi.

Kabureta ya Amal huharibiwa na mikono. Ikikazwa kupita kiasi, flanji hupinda, hewa inaingia pembeni, na injini haitulii ikiwa inaunguruma tu bila kuongezwa mafuta. Tandika msasa juu ya kioo, usugue flanji mpaka inyooke. Usichokoe jeti kwa waya. Tumia uzi wa nailoni.

Kusanya seti ndogo ya spana za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, kabla ya kufungua chochote. Spana za milimita hukaribia kuenea, zinateleza, nati inaviringika, na kila nati iliyoviringika ni pesa. Bolti za zamani zisafishe na uzirudishe. Chuma chake ni kizuri. Kwenye foku ya mbele, piga grisi mpaka ya zamani itoke, kisha rekebisha shafti mpaka zile washa zenye meno pembeni ziweze kuzungushwa kwa vidole tu. Zikilegea zaidi, usukani hutikisika. Zikibana, foku haifanyi kazi.

Rangi ni sehemu ya bei ndogo kuliko zote. Jeshi lilipaka rangi isiyong'aa, mara nyingi kwa brashi, hadi sehemu ambazo za kiraia zingetiwa kromu. Kijani cha khaki ndicho cha mwanzo, kahawia ya SCC 2 (namba ya rangi ya jeshi la Uingereza) ikafuata kuanzia 1942, na kijani cha zeituni SCC 15 mwaka 1944. Mpira ulipoadimika baada ya nchi ya Malaya (sehemu ya Malaysia ya leo), iliyokuwa ikitoa mpira, kutekwa na Wajapani, pedeli za kuwekea miguu ziliachwa chuma kitupu na vishikio vya usukani vikawa vya turubai. Ukichagua pikipiki ya kipindi hicho, gharama ya mipira huna.

Tairi, inchi 3.25 kwa 19, zinunuliwe mpya pamoja na tyubu, hata kama za zamani bado zina meno.

Kabla ya kuwasha mara ya kwanza, mwaga oili iliyomo kwenye krenkikesi. Pikipiki ikisimama muda mrefu, oili hupita kwenye pampu na kushuka chini, na ukiwasha hivyo itafuka moshi na kuvuja kila mahali. Ikiwaka, fungua kifuniko cha tenki ya oili uangalie oili inarudi. Isiporudi ndani ya dakika moja, zima. Ikipata moto na kupoa kabisa, kaza tena bolti za kichwa cha silinda kwa mpangilio wa msalaba, na upime upya mianya ya valvu.