Kemia ya utangulizi nusu mtandaoni: hesabu uliijua, mbona kompyuta imekupiga kosa?

Katika vyuo vya jamii vya Marekani, wanaolenga uuguzi au ufamasia hukutana na Kemia ya utangulizi mapema sana, na wengi wao huichukua kwa mseto. Mihadhara, mazoezi na kwizi viko mtandaoni, ila maabara unaifuata kwa miguu yako mara moja kwa wiki, saa tatu hivi. Kwa mtu anayefanya zamu za usiku ghalani au kwenye nyumba ya kulea wazee, ratiba hiyo ni nafuu kubwa. Kuna Waswahili wengi humo: kutoka Kivu, Bujumbura, Mombasa na Dar, na mitego inayowanasa haifanani na ile inayomnasa Mmarekani aliyemaliza sekondari mwaka jana.

Kabla ya kujisajili, uliza maswali mawili kwenye programu unayotaka kuingia baadaye, siyo kwenye chuo ulipo sasa. Je, wanakubali Kemia ya utangulizi au wanataka Kemia ya jumla, ile ya wanasayansi? Na je, wanakubali maabara iliyofanywa nyumbani kwa kisanduku cha vifaa, au lazima iwe ya ana kwa ana? Zipo programu za uuguzi zinazokataa maabara ya nyumbani. Majibu yote yawe kwa barua pepe, uyatunze. La ziada, soma silabasi mahali panaposema ukifeli maabara itakuwaje. Kwenye vyuo vingi, ukifeli maabara umefeli somo zima hata kama mitihani uliipasua.

Muda nao uuhesabu mapema. Kipimo cha kawaida cha Marekani ni kwamba kila krediti moja ya mihadhara ina saa moja ya kufundishwa na saa mbili za kujisomea kwa wiki, katika muhula wa wiki 15 au zaidi kidogo. Somo la krediti 4, yaani tatu za mihadhara na moja ya maabara, linakula saa 12 hivi kwa wiki. Somo hilohilo likibanwa katika wiki 8 za kiangazi linakuwa la saa 22 hadi 24 kwa wiki. Asiweze mtu kukudanganya kwamba la mtandaoni ni jepesi. Saa ni zilezile, tofauti ni kwamba hakuna anayekuona ukizikwepa.

Sasa tuje kwenye mashine, kwa sababu hapo ndipo maksi zinapovuja.

Mwalimu akisahihisha karatasi huona njia yako na kukupa nusu ya maksi. Mfumo wa mazoezi huona namba moja tu kwenye kisanduku. Aliyesoma kwa Kifaransa amezoea kuandika 0,25. Mfumo wa Kimarekani unataka nukta: 0.25. Ukiweka koma, upo mfumo unaokataa, na upo unaoweza kuifuta koma kimyakimya ukasoma 025, yaani 25. Zima mkono wa zamani tangu siku ya kwanza, hata kwenye daftari, maana usiku wa mtihani mkono haukusikilizi.

Majina ya kampaundi nayo yana mtego wa namna hiyo. Kwa Kiswahili tunasema kloridi ya kalsiamu, na Kifaransa vilevile huanza na kloridi. Kiingereza hufuata mpangilio wa fomula: metali kwanza, kloridi nyuma, kama ilivyo CaCl2. Ukiitafsiri kutoka kichwani utaandika Cl2Ca, na mfumo hautakuelewa. Angalia pia herufi kubwa na ndogo. Co ni kobalti, CO ni monoksidi ya kaboni, na simu inayojirekebishia herufi yenyewe inaweza kukubadilishia kimoja kuwa kingine. Mazoezi ya fomula fanyia kwenye kompyuta.

Halafu kikokotoo. Huu ndio ugonjwa mkubwa wa mwezi wa kwanza, na dawa yake ni kitufe kimoja. Swali: atomu 1.204 × 10²⁴ za kaboni ni moli ngapi? Unagawanya kwa namba ya Avogadro, yaani idadi ya atomu katika moli moja, 6.022 × 10²³. Jibu ni 1.999, karibu moli mbili. Lakini ukibonyeza 1.204 × 10 ^ 24 ÷ 6.022 × 10 ^ 23, kikokotoo kinagawanya kwa 6.022 peke yake, kisha kinazidisha kwa 10²³, na kioo kinasoma 1.999 × 10⁴⁶. Moli zote hizo za kaboni zingekuwa na uzito unaoizidi dunia nzima kwa mbali mno, ila kwenye kisanduku zinaingia bila aibu. Tumia kitufe cha EE au EXP: 1.204 EE 24 ÷ 6.022 EE 23. Namba nzima inakaa kama kitu kimoja, haitawanyiki. Na unapoandika kwenye mfumo, mara nyingi namna inayokubalika ni 2.5E-3, siyo 2.5x10-3. Jaribu kwenye swali la kwanza lisilo na maksi uone mfumo wenu unapenda ipi.

Kukadiria kabla ya wakati ni kosa lingine. Acha tarakimu zote ndani ya kikokotoo mpaka mwisho, ndipo ukate kwa tarakimu muhimu, yaani zile tu ambazo vipimo vyako vinaweza kuzithibitisha. Mifumo mingi hukubali jibu likitofautiana kidogo na lile lililowekwa, na ukikata katikati ya safari mara mbili tu unatoka nje ya kiasi hicho. Kwenye gesi, makosa ni mawili na hayabadiliki mwaka hadi mwaka: kusahau kuongeza 273.15 kwenye selsiasi ili upate kelvini, na kutumia R (namba thabiti ya gesi) ya 8.314 wakati shinikizo liko katika atm na ujazo katika lita, ambako R ni 0.08206.

Saa nayo. Kazi inayofungwa 11:59 PM inafungwa saa tano na dakika 59 usiku, hilo halina shida. Ile iliyoandikwa Jumatatu 12:00 AM ndiyo inayoliza watu: ni usiku wa kuamkia Jumatatu, kwa hiyo Jumapili ukilala bila kuituma imekwisha. Mitihani inayotumia kivinjari cha kujifunga mara nyingi huhitaji kompyuta yenye kamera, simu usiitegemee. Fanya jaribio la bure siku mbili kabla. Ukiishi nyumba yenye watoto wengi, weka nafasi ya chumba kwenye maktaba, kwa sababu sauti ya mtu wa pili inaweza kurekodiwa kama tuhuma.

Vitabu visikutie hofu. OpenStax wana kitabu cha Kemia cha bure kinachopakuliwa chote, na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder ina michezo ya kusawazisha milinganyo unayoweza kupakua na kuitumia bila intaneti. Video ya mhadhara isimamishe kabla mwalimu hajatoa jibu, uandike la kwako kwenye karatasi. Ukiitazama kama tamthilia utaielewa yote na hutaweza swali hata moja.

Maabara ni dunia nyingine. Kule mashine haipo, mkono ndio unaoumbuka. Chukua zoezi ambalo karibu kila kozi inalo, titresheni ya hidroksidi ya sodiamu (NaOH) kwa KHP, yaani kutafuta nguvu ya NaOH kwa kuidondosha ndani ya asidi iliyopimwa. KHP ni ile asidi ya unga mweupe yenye uzito wa moli wa gramu 204.22. Kwa nini usipime tu NaOH kwenye mizani ukamaliza? Kwa sababu vipande vya NaOH hunyonya unyevu na dioksidi ya kaboni ya hewani wakati unavipima. Namba ya mizani inabadilika ukiitazama. KHP imetulia, kwa hiyo yenyewe ndiyo shahidi.

Unapima KHP, tuseme gramu 0.5105. Unaiyeyusha katika maji ya mililita 50 hivi, na hapa usihangaike na usahihi, maji hayaongezi wala kupunguza moli za asidi. Flaski ikiwa na maji ndani, sawa tu. Bureti, ule mrija mrefu wenye mistari ya ujazo na bomba chini, ndiyo isiyotaka maji: isuuze mara mbili kwa NaOH yenyewe kabla ya kuijaza. Toa faneli. Fungua bomba kidogo mpaka hewa yote itoke kwenye ncha. Kwenye flaski weka matone mawili au matatu ya fenolfthalini, kiashiria kinachogeuka waridi asidi ikiisha. Soma bureti chini ya kile kibonde cha kimiminika, jicho likiwa usawa wake. Mistari iko kila 0.1 mL, wewe kisia tarakimu ya pili: 0.52, siyo 0.5.

Teremsha NaOH huku ukizungusha flaski. Waridi ikianza kukawia kufutika, nenda tone kwa tone. Unataka waridi hafifu, ya kutilia shaka, inayodumu sekunde 30 juu ya karatasi nyeupe. Ikififia baada ya hapo usiongeze tone. Ni dioksidi ya kaboni ya hewani inaingia. Ikikolea kama juisi ya rozela umepitiliza.

Tuseme mwanzo ulisoma 0.52 na mwisho 24.87. Ujazo ni 24.35 mL. Moli za KHP ni 0.5105 ÷ 204.22 = 0.0024998, na kwa kuwa uwiano ni moja kwa moja, NaOH ni 0.0024998 ÷ 0.02435 = 0.1027 M, yaani moli kwa lita. Tarakimu nne, kwa sababu mizani na bureti vyote vimekupa nne. Aliyesoma bureti kwa uvivu akaandika 24 anapata 0.104, na ripoti ya mtandaoni inamkata.

Angalia sasa makosa yanavyoelekea upande mmoja. Kiputo cha 0.30 mL kikitoka nchani katikati ya kazi, ujazo utaonekana 24.65 na jibu litashuka hadi 0.1014. Bureti iliyobaki na maji huzimua NaOH, jibu linashuka. Waridi iliyokolea, linashuka. Faneli iliyosahaulika juu ndiyo hufanya kinyume: ikidondosha tone ndani, ujazo unaonekana mdogo na jibu linapanda. Ripoti ikikuuliza chanzo cha kosa, usiandike «makosa ya kibinadamu». Hilo halina maksi. Andika kosa gani, limebadilisha namba ipi, kuelekea wapi.

Namba ziandike kwa kalamu kwenye daftari la maabara papo hapo, uzipige na picha kabla ya kuondoka, glavu ukiwa umevua. Na fanya hesabu ukiwa bado umesimama mbele ya bureti, siyo Jumapili usiku wakati ripoti inadaiwa. Ukirudia mara tatu ukapata 0.1027, 0.1025 na 0.0998, ya tatu ina ugonjwa, na flaski ya nne inachukua dakika kumi. Bureti ikishaoshwa na mlango kufungwa, hiyo 0.0998 ni yako.